"Me gritaron negra" ya Victoria Santa Cruz: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana ya wimbo huu

Kila video ya wimbo huu inaposambaa kwenye simu, maswali huwa yaleyale: huyu mama ni nani, anasema nini, na mbona wale walio nyuma yake wanamtukana kisha wanamshangilia? Yamekusanywa hapa, mepesi kwanza, ya kuumiza kichwa baadaye. Mistari ya Kihispania imenukuliwa kidogo tu, pale ambapo jibu lisingeeleweka bila hiyo.

## Mambo ya msingi

Wimbo unahusu nini, kwa ufupi?

Mtoto wa kike anaitwa "negra" barabarani, yaani mweusi, kwa sauti ya kumdhalilisha. Hajui hata kuwa mweusi ni kuwa nini, ila kwa jinsi anavyopigiwa kelele anaelewa kwamba si jambo la kheri. Anaanza kurudi nyuma. Anachukia nywele zake, midomo yake, ngozi yake. Akikua ananyoosha nywele na kujipaka poda usoni, na bado neno linamlia tumboni. Anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka anakaribia kuanguka. Hapo ukingoni anauliza: *¿Y qué?* Kwa Kiswahili cha mtaani: "Sasa je?" Kuanzia hapo neno lilelile analidaka, analitamka mwenyewe, na anamaliza kwa *Negra soy*: mweusi ndiye mimi.

Shika jambo moja mapema, maana majibu mengi hapa chini yanaliegemea. Duniani, nje ya yule mwanamke, hakuna kilichobadilika hata chembe. Waliompigia kelele bado wapo, neno ni lile, mdundo ni ule. Kilichogeuka ni upande anaoelekea. Watu husema ni wimbo wa kujitambua, na ni kweli, lakini huyu anajitambua kwa miguu kwanza. Maelezo yanamfikia baadaye.

Victoria Santa Cruz ni nani?

Alizaliwa Lima, mji mkuu wa Peru, tarehe 27 Oktoba 1922, katika familia yenye watoto wengi na sanaa nyingi. Baba yake alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyewahi kuishi Marekani na aliyempenda Shakespeare. Mama yake alikuwa mchezaji hodari wa marinera na zamacueca, ngoma za pwani ya Peru. Mdogo wake, Nicomedes, ndiye mshairi mweusi anayejulikana kuliko wote nchini humo.

Pamoja na Nicomedes aliendesha kikundi cha Cumanana, kilichoanzishwa 1958, wakati ambapo jukwaa la Lima halikuwa na nafasi ya mtu mweusi ila ya mtumishi au kichekesho. Miaka ya mwanzo ya 1960 alipata ufadhili wa serikali ya Ufaransa akaenda Paris kusomea tamthilia na utunzi wa ngoma. Aliporudi akaunda kikundi chake, Teatro y Danzas Negras del Perú, kilichotumbuiza Mexico wakati wa Olimpiki ya 1968. Mwaka 1973 alikabidhiwa uongozi wa kikundi cha taifa cha ngoma za asili. Kuanzia 1982 hadi 1999 alifundisha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Alifariki Lima tarehe 30 Agosti 2014, akiwa na miaka 91.

Ni wimbo au ni shairi?

Waperu wenyewe hubishana. Kwenye vitabu huitwa shairi, kwenye jukwaa hupigwa kama wimbo, na Victoria hakuwahi kuvitenga viwili hivyo. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kukosa usingizi kwa hili: sisi tumezoea tenzi zinazoandikwa ili zighaniwe. Ukisema Victoria *anaghani* huku kundi likimwitikia na makofi yakishika mdundo, umemaliza ubishi.

Video ile maarufu ni ya lini?

Inatoka kwenye filamu fupi ya 1978 kuhusu Victoria, iliyotengenezwa na Torgeir Wethal wa kundi la maigizo la Odin Teatret, Denmark. Kwa hiyo unayemwona si msichana. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kiongozi wa kikundi cha taifa, anayerudia kelele alizopigiwa utotoni. Ukilijua hilo, unauona uso wake tofauti.

Sijui Kihispania. Nitaweza kuufuata?

Utaweza kuliko Mwingereza. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Zingatia machache: *h* haitamkwi (*hasta* ni "asta"), *ll* ni kama *y* yetu (*llave* ni "yave"), *z* huko Peru ni *s* (*azabache* ni "asabache"), na *qu* ni *k* (*¿Y qué?* ni "i ke"). Nusu ya wimbo ni neno moja linalorudiwa. Sikiliza mara mbili na utakuwa unaitikia.

## Kisa kilichomo

Je, yalimtokea kweli?

Ndiyo, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe kwenye mahojiano. Alikuwa mtoto pekee mweusi katika kundi la watoto waliokuwa wakicheza pamoja mtaani. Siku moja ikahamia familia yenye binti mweupe, nywele za dhahabu. Binti akaweka sharti: kama yule mweusi anacheza, mimi naondoka. Victoria akangoja marafiki zake wamwambie mgeni aende zake. Wakamwambia yeye ndiye aende.

Hapo ndipo penye uchungu, na wanaofafanua wimbo hupapita haraka mno. Mgeni hakuwa na nguvu yoyote mtaani pale. Aliyemfukuza Victoria ni kundi lake mwenyewe, watoto aliokuwa akicheza nao jana yake. Soma na jibu la swali kuhusu kibwagizo.

Mbona anaanza na miaka saba, kisha anasema hakufika hata mitano?

Anafungua kwa *Tenía siete años apenas*, "nilikuwa na miaka saba tu", analigeuza geuza lile "saba", kisha anajisahihisha: saba gani, hata mitano sikuwa nimefika! Wengine wameudhani mstari huu kuwa ni wa kupendezesha vina. Mimi naona ni mtu anayekumbuka mbele yetu. Kumbukumbu ya aibu huwa tunaisogeza mbele kidogo, tunajipa umri wa kuweza kuistahimili. Akiitazama vizuri anakuta aliyepigiwa kelele alikuwa mdogo zaidi ya vile alivyozoea kusema. Kwenye mahojiano alitaja miaka mitano.

"Retrocedí" ni nini, na mbona anairudia sana?

Ni "nikarudi nyuma". Kiswahili kinaupata mstari huu vizuri ajabu, kwa sababu ya *-ka-* yetu: wakaniita, nikajiona mweusi kama walivyosema, nikarudi nyuma kama walivyotaka. Angalia hicho kipande cha mwisho, *como ellos querían*. Hawakutaka ajue rangi yake tu, walitaka apishe.

Kitenzi hiki ndicho uti wa mgongo wa wimbo. Sehemu ya kwanza yote anarudi nyuma. Karibu na mwisho anasema *ya no retrocedo*, sirudi nyuma tena, na mara moja *avanzo segura*, nasonga mbele bila wasiwasi. Ukitaka kujua uko wapi katika kisa, usisikilize "negra", maana hilo halikomi. Sikiliza anaelekea wapi.

Kwa nini anataja nywele na poda?

Kwa sababu ndiko aibu ilikotoka kichwani ikaingia kwenye bajeti ya nyumbani. *Me alacié el cabello, me polveé la cara*: nikanyoosha nywele, nikajipaka poda. Amerika ya Kihispania ina msemo wa zamani, *mejorar la raza*, "kuboresha mbegu", unaotumika hata na bibi mwenye mapenzi mema anapomshauri mjukuu aolewe na mtu mweupe kumzidi. Mtoto hakui ndani ya msemo huo akabaki anakipenda kioo.

Anayesoma haya Dar es Salaam, Mombasa au Goma hahitaji kuelezwa zaidi. Mkorogo unauzwa kwenye vikopo visivyo na jina, na msichana mwenye rangi ya maji ya kunde anaitwa "mweupe" kwa sauti ya pongezi huku dada yake wa tumbo moja akiambiwa "cheusi". Lakini tofauti ipo na tusiifiche. Victoria alikuwa mmoja kati ya wachache. Waliomcheka walikuwa wa rangi nyingine. Sisi tunachekana wenyewe kwa wenyewe, na jambo hilo lingehitaji wimbo mwingine.

Ukitaka kujua kama wimbo unawahukumu wanaonyoosha nywele, tazama sehemu ya maswali yenye utata.

"¿Y qué?" inabeba nini hasa?

Ni silabi mbili na ndipo wimbo unapogeuka. Huwezi kuipata kwa "na nini", ingawa neno kwa neno ndivyo ilivyo. Ni lile "sasa je?" la mtu aliyetishiwa kwa siri ambayo ameacha kuionea haya. Fikiria mwanamke anayeambiwa sokoni, mbele za watu, "si uliachika wewe?", naye anaendelea kupanga nyanya zake mafungu mafungu: "Niliachika. Enhe?"

Ona pia kwamba hakuna sababu inayotolewa. Haji mwalimu, hasomi kitabu, haoti ndoto, wala hapati mchumba wa kumwambia ni mzuri. Nafasi ya kurudi nyuma imekwisha, basi. Watunzi wengi wangetia hapo ubeti wa mafunuo. Yeye ameacha pengo, na pengo hilo nalipenda kuliko ubeti wowote.

Kwa nini anawacheka wanaosema "gente de color"?

*Gente de color* ni "watu wa rangi", namna ya upole ya kukwepa kusema weusi. Anasema wanaotumia maneno hayo wanadai wanatukinga na karaha fulani. Kisha anauliza: na rangi gani hiyo? Kundi linajibu: *negro!* Hoja yake ni rahisi. Ukinitafutia jina la kunisitiri, umekwishaamua kwamba nilicho ni cha kusitiriwa.

Kuna kitu cha kisarufi hapa kinachopotea kwenye tafsiri. Mpaka sasa neno lilikuwa *negra*, la kike, analotupiwa yeye peke yake. Anapoanza kucheka linakuwa *negro*: jina la rangi yenyewe, na la watu wake wote. Anasifia linavyosikika, anasifia mdundo wake. Halafu anarudi kwenye la kike kwa ajili ya mstari wa mwisho. Kiswahili hakina jinsia hiyo, kwa hiyo mfasiri itambidi atafute njia nyingine, labda "weusi" pale katikati na "mweusi" mwishoni.

Kwa nini anamtaja Mungu?

Anazibariki mbingu kwa kuwa Mungu alitaka rangi yake iwe *negro azabache*. Azabache ni jiwe jeusi linalong'aa, la kutengenezea vito. Kwetu tungesema mweusi tii. Kwa Lima ya wakati wake, kusema hivi si jambo la ajabu. Taswira ya Kristo inayoheshimiwa kuliko zote Peru, Señor de los Milagros, ambayo kila Oktoba hutoa barabarani umati wa watu waliovaa zambarau, kwa mapokeo ilichorwa ukutani 1651 na mtumwa kutoka Angola. Waperu weusi hawakumwazima Mungu kwa majirani.

Kipya ni neno *quiso*, "alitaka". Si "alivumilia", si "alinijalia licha ya". Alitaka.

Anaposema "tayari nina ufunguo", ni ufunguo wa nini?

Hasemi. *Ya tengo la llave*, na mara kundi linaanza kuita rangi. Wapo wanaosema ni ufunguo wa historia, wapo wanaosema ni wa mdundo. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, kwa sababu Victoria maisha yake yote alifundisha kwamba mdundo ndio unaompanga mtu ndani. Kitabu chake cha 2004 kinaitwa *Ritmo: el eterno organizador*, yaani mdundo kama mpangaji wa milele. Lakini mstari haulazimishi.

## Mdundo na kundi

Kwa nini kibwagizo kinamtukana, kisha kinamshangilia?

Hili ndilo swali linalorudiwa kuliko yote, na linastahili.

Mwanzoni kundi ni barabara. Linamkatiza kila sentensi: anasema nusu mstari, linamrushia *¡negra!*, anajaribu kuendelea, linamrushia tena. Hata akiwa peke yake na kioo, miaka mingi baadaye, linaendelea, kwa sababu sasa limehamia ndani. Baada ya *¿Y qué?* watu walewale, kwa sauti zilezile na makofi yaleyale, wanatamka neno lilelile, na wewe msikilizaji unasikia shangwe. Jaribu siku moja: ruka mwanzo na usikilize sekunde kumi za katikati bila kujua ziko wapi. Huenda usijue kama ni matusi au sherehe.

Sasa kumbuka kisa cha watoto wa mtaani. Waliomfukuza walikuwa kundi lake. Kwenye jukwaa, Victoria amejizungushia kundi jipya, la watu weusi kama yeye, akawapa kazi ya kumpigia kelele za zamani mpaka zigeuke. Anayeongoza na anayeitikia ni muundo wa Kiafrika uliovuka bahari, na unajulikana kwa kila aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya harusi. Ila kwa kawaida mwitiko humbeba kiongozi tangu mwanzo. Hapa unamwangusha kwanza.

Ni ala gani zinazotumika?

Makofi na miguu vinatosha, na maonyesho mengi huongeza cajón. Hili ni sanduku la mbao lenye tundu nyuma. Mpigaji hulikalia na kupiga ubao wa mbele kwa viganja. Waperu husimulia kwamba lilitokana na masanduku ya mizigo, kwa sababu ngoma za ngozi zilipigwa marufuku kwa watumwa. Serikali ya Peru ililitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2001. Wanaodhani ni ala ya Hispania wana sababu: mpiga gitaa Paco de Lucía alilikuta Peru miaka ya 1970 akaliingiza kwenye flamenko, muziki wa kusini mwa Hispania, na leo halikosekani huko.

## Peru na watu weusi

Peru kuna watu weusi? Mbona hatujawahi kusikia?

Wapo tangu Wahispania walipofika karne ya 16. Katika karne ya 17, karibu nusu ya wakazi wa Lima walikuwa Waafrika na wazao wao. Walifanya kazi majumbani, kwenye ufundi, na kwenye mashamba ya miwa na mizabibu ya pwani. Utumwa ulifutwa na Ramón Castilla tarehe 3 Desemba 1854, na waliolipwa fidia ni mabwana.

Baada ya hapo wakafutika kwenye hesabu. Baada ya sensa ya 1940, serikali haikuwauliza Waperu wote kuhusu asili yao mpaka 2017, ambapo zaidi ya watu 828,000 wenye umri wa miaka 12 na zaidi walijitambulisha kuwa wa asili ya Kiafrika, karibu asilimia 3.6. Peru husimuliwa kama nchi ya Wainka na Wahispania, basi. Ndiyo maana Victoria aliposimama kusema *Negra soy* hakuwa akijibu watoto wa mtaani tu; alikuwa akijihesabu. Mwaka 2009 serikali iliomba radhi rasmi kwa Waperu weusi, na tarehe 4 Juni, siku aliyozaliwa Nicomedes, ni siku ya utamaduni wao.

Je, walitoka kwetu Afrika Mashariki?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, na baadaye zaidi Kongo na Angola, wakapitishwa Cartagena na Panama, kisha kwa bahari hadi bandari ya Callao. Watumwa wa pwani yetu kwa wingi walipelekwa Uarabuni, visiwa vya Bahari ya Hindi na, kutoka Msumbiji, Brazili. Undugu wa Kibantu kupitia Kongo na Angola upo, lakini usiuvute mpaka Victoria awe shangazi wa Bagamoyo.

## Maswali yenye utata

"Negra" ni tusi au si tusi?

Inategemea nani, wapi, kwa sauti gani. Katika nchi nyingi za Kihispania mume humwita mkewe *mi negra* kwa mahaba, hata kama si mweusi, na *negrita* huweza kuwa la kubembeleza au la kudharau katika mtaa mmoja, siku moja. Usilitumie kwa mtu usiyemjua ukijitetea kwamba umelisikia kwenye wimbo.

Je, ni wimbo wa kuwachukia wazungu?

Usikilize mpaka mwisho umtafute mzungu ndani yake. Wapo "wao", hawana rangi wala jina. Victoria mwenyewe hakupenda kufungiwa kwenye suala la weusi peke yake. Alisema mara nyingi kwamba tatizo ni la binadamu. Kuna wanaharakati waliomlaumu kwa hilo, wakiona anaipunguzia makali kazi yake. Nadhani wote wana sehemu ya haki, lakini wimbo wenyewe una makali ya kutosha.

Nikiweka dawa kwenye nywele, wimbo unanisuta?

Anachosema ni *no quiero*, sitaki. Hakusema msinyooshe. Alinyoosha kwa sababu ya kelele, na anaacha kelele zilipokosa nguvu. Kama wewe unanyoosha kwa sababu nyingine, unaijua mwenyewe. Akina dada wawili niliowahi kuwasikia wakibishana saluni juu ya jambo hili walimaliza kwa mmoja kusuka na mwingine kuendelea kukaa chini ya drayer.

Mwanamume anaweza kuughani? Na asiye mweusi?

Mwanamume ndiyo, huwepo kwenye kundi la waitikiaji tangu toleo la 1978. Kusimama mbele ni jambo jingine, maana "mimi" wa wimbo ni mtoto wa kike. Asiye mweusi kuongoza ninaona ni kuuvunja: neno halijawahi kurushwa kwake, kwa hiyo hana cha kulidaka. Kuitikia ni sawa, mradi akubali kwamba nusu ya kwanza anaigiza waovu.

Tafsiri za mtandaoni zina kasoro gani?

Kubwa ni mbili. Ya kwanza, zinalibadilisha neno katikati: mwanzoni wanaweka tusi kali la lugha yao, mwishoni wanaweka neno la fahari. Wakifanya hivyo wameua wimbo, kwa sababu nguvu yake yote ni kwamba neno halibadiliki. Ya pili, *Negra soy* inaandikwa "mimi ni mweusi" kama jibu la fomu. Kihispania cha kawaida ni *soy negra*. Yeye ametanguliza rangi. "Mweusi ndiye mimi" inakaribia.

Tunataka kuufanya kwenye tamasha la shule. Tuanzie wapi?

Anzeni na makofi, bila maneno, mpaka kundi zima lishike mdundo bila kutazamana. Kisha mpeni kiongozi mistari, kundi limkatize. Msimweke mtoto mweusi kuliko wote darasani awe kiongozi eti ndiye anayefaa. Nimeona ikipendekezwa, na ni ukatili uleule kwa vazi la sanaa. Watoto wapokezane nafasi, kila mmoja aongoze na kila mmoja awe barabara. Mwalimu asikimbilie kueleza pale kwenye *¿Y qué?*, aache kimya kikae. Na kama mtafasiri kwa Kiswahili, soma jibu lililotangulia kwanza.

Nisikilize nini baada ya huu?

Mashairi ya Nicomedes Santa Cruz, hasa yale aliyoyarekodi kwa sauti yake. Kikundi cha Perú Negro, kilichoanzishwa 1969, kwa ngoma za festejo na landó. Halafu Susana Baca, anayeimba kwa upole mahali ambapo Victoria anapiga mguu. Albamu ya mkusanyiko ya 1995 iliyotolewa na David Byrne ndiyo iliyompeleka duniani, na mwaka 2011 alishika wizara ya utamaduni ya Peru kwa miezi michache. Anza na "María Landó". Ni kuhusu mwanamke anayefanya kazi tu, kazi isiyo yake, na hapati nafasi ya kuuliza sasa je.